Maana ya Alama Zilizo Juu ya Pipa la Methanoli

Tukitiwa bilauri tatu mezani, moja ina maji safi, ya pili ina spiriti inywekayo, na ya tatu ina methanoli, hapana mtu awezaye kuzitenga kwa macho tu. Zote tatu ni nyeupe kama maji ya chemchemi. Harufu ya methanoli ni ya pombe, nayo si kali sana. Hata ladha yake haimkatazi mtu kuinywa. Lakini mtu akinywa bilauri ile ya tatu, huenda asiione jua la siku inayofuata, ama kwa kuwa amekufa, ama kwa kuwa macho yake yamekufa.

Jambo hili si la kubuni. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, katika vitongoji vya Mukuru mjini Nairobi, watu walikunywa pombe ya bei ndogo iliyoitwa “kumi kumi”, kwa sababu kipimo chake kiliuzwa kwa shilingi kumi. Pombe hiyo ilikuwa na methanoli. Watu zaidi ya 130 walikufa, mamia wengine walilazwa hospitali, na baadhi ya wale waliopona walirudi makwao wakiongozwa kwa mkono. Mwezi wa Mei mwaka 2014 msiba wa namna hiyohiyo ulirudi, nao uliua makumi ya watu katika kaunti za Embu, Kitui, Murang’a, Kiambu na nyinginezo.

Na hata hivyo methanoli yenyewe si kitu cha kufukuzwa nchini. Ni kimiminiko chenye kazi nyingi na cha lazima. Zamani kilipatikana kwa kuchoma miti ndani ya chombo kilichofungwa na kuukusanya mvuke wake, ndiyo sababu wazee wa kazi hiyo walikiita spiriti ya miti. Wataalamu wawili wa Ufaransa, Dumas na Péligot, ndio waliovumbua mwaka 1834 jinsi kilivyoundwa. Siku hizi nyingi hutengenezwa kwa gesi itokayo ardhini. Kwa methanoli hufanywa gundi ya kubandikia mbao nyembamba za plaiwudi, rangi, vanishi, na mafuta ya magari yatokanayo na mimea. Maabara za shule huitumia, na viwanda huinunua kwa mapipa. Kwa hiyo haja si kuipiga marufuku, bali ni kila aishikaye kujua ameshika nini. Kwa ajili hiyo pipa lake huandikwa alama.

Alama hizo hazikuwekwa kwa kubahatisha. Mwaka 1956 Umoja wa Mataifa ulitoa kwa mara ya kwanza kitabu cha mashauri juu ya kusafirisha vitu vya hatari, na mwaka 2003 ukatoa utaratibu mwingine wa dunia nzima wa kuvipanga vitu hivyo kwa madaraja na kuviandika lebo. Kabla ya hapo kila nchi ilikuwa na desturi yake, na pipa lililoitwa sumu huku liliweza kuitwa jambo jingine kule. Katika utaratibu huu mpya kila hatari ina picha yake, imechorwa kwa wino mweusi ndani ya umbo la uru wa karata lenye mpaka mwekundu. Tena kuna neno moja kubwa la kumshtua msomaji, nalo ni ama “Tahadhari” kwa hatari ndogo, ama “Hatari” kwa kubwa. Methanoli imepewa neno la pili, pamoja na picha tatu: mwali wa moto, fuvu la kichwa juu ya mifupa miwili iliyopishana, na kifua cha mtu chenye nyota nyeupe katikati. Kila moja ya picha hizo ina sababu yake.

Mwali wa moto ndio ulio rahisi kufahamika. Kila kimiminiko kiwakacho kina kipimo chake cha joto ambacho kikifikiwa, mvuke wake hutosha kushika moto ukikutana na cheche. Kwa mafuta ya taa kipimo hicho ni digrii 38 au zaidi, na ndiyo maana njiti ya kiberiti ikitupwa katika mafuta ya taa yaliyo baridi mara nyingi huzimika. Kwa methanoli ni kama digrii 11 tu. Mchana, karibu kila mahali watu wakaapo katika Kenya, joto limekwisha kupita hapo. Maana yake ni kwamba pipa la methanoli lililo wazi liko tayari kuwaka wakati wote, halingojei kupashwa moto. Kimiminiko chochote ambacho kipimo chake kiko chini ya digrii 23, na ambacho hakichemki mpaka joto lipite digrii 35, huwekwa katika daraja la pili la vitu viwakavyo. Methanoli huchemka kwa digrii karibu 65, basi hapo ndipo mahali pake.

Lakini liko jambo jingine juu ya moto huu ambalo daraja peke yake halilielezi, na mafundi wa mapipa wangefaa kulisikia. Mvuke wa petroli ukizidi kama sehemu 8 katika sehemu 100 za hewa, hauwaki, kwa sababu hewa imekuwa kidogo mno. Mvuke wa methanoli huwaka tangu sehemu 6 hata sehemu 36. Kwa hiyo ndani ya pipa la petroli lililofungwa mvuke kwa kawaida ni mwingi kupita kiasi cha kulipuka, lakini ndani ya pipa la methanoli lenye masalio kidogo chini, mvuke huwa katika kiasi kilekile kinachofaa kwa mlipuko. Fundi wa jua kali anunuaye pipa “tupu” ili alikate kwa moto na kufanya majiko au masanduku ya bati, kama halijaoshwa kwa maji mengi, hakununua pipa tupu hata kidogo. Anapoligusa kwa moto wa kuchomelea huwa ameligusa bomu.

Tena moto wa methanoli hauna moshi, na rangi yake ni buluu hafifu, hata juani hauonekani. Mwaka 1981, katika mashindano ya magari ya Indianapolis huko Marekani, ambako magari yalitumia methanoli, dereva Rick Mears alishikwa na moto wakati gari lake likijazwa mafuta. Watazamaji walimwona mtu akirukaruka na kujipigapiga, na wengi hawakutambua anafanya nini, kwa sababu miali haikuonekana. Aliokolewa, lakini uso wake uliungua. Mtu akiona hewa inatetemeka juu ya methanoli iliyomwagika, au akisikia joto bila kuona mwali, asikaribie kutazama. Moto wa namna hiyo huzimwa kwa unga mkavu wa kuzimia moto, au kwa povu lililofanywa mahsusi kwa pombe, kwani povu la kawaida huyeyuka. Maji kidogo hayafai, maana methanoli huchanganyika nayo na kuendelea kuwaka.

Fuvu la kichwa lina hadithi ndefu zaidi, na hiyo yastahili kusimuliwa polepole.

Kwa desturi ukali wa sumu hupimwa kwa wanyama wadogo, hasa panya. Wataalamu hutafuta ni kiasi gani cha kitu fulani, kwa kila kilo moja ya uzito wa mwili, kitakachoua nusu ya panya waliolishwa. Kinachoua kwa miligramu 5 au chini yake huwekwa daraja la kwanza, lililo kali kupita yote. Hadi miligramu 50 ni la pili, hadi 300 ni la tatu, na kitu kinachohitaji zaidi ya hapo hakipewi fuvu. Sasa panya akipewa methanoli, zahitajiwa maelfu ya miligramu kwa kila kilo ndipo afe. Kama hesabu ya panya ingefuatwa peke yake, pipa la methanoli lisingekuwa na fuvu. Lingekaa pamoja na vitu vinavyodhaniwa kuwa na madhara madogo tu.

Lakini binadamu si panya. Watu wamekwisha kufa kwa kunywa methanoli mililita 30 tu, yaani vijiko viwili vikubwa vya mezani. Kwa hiyo wenye kupanga madaraja waliiacha hesabu ya panya, wakaitazama habari ya makaburi na ya hospitali, wakaiweka methanoli katika daraja la tatu la sumu. Daraja hilo ni kwa njia zote tatu: kwa kinywa, kwa ngozi, na kwa pumzi. Utaratibu wenyewe unawaruhusu kufanya hivyo, kwani panapokuwa na ushahidi wa kweli wa watu waliodhurika, ushahidi huo ndio wenye nguvu. Ni uamuzi wa busara, ingawa ulinunuliwa kwa bei kubwa.

Kwa nini panya aepuke na mtu afe? Jibu limo ndani ya ini. Methanoli yenyewe, mara inywewapo, hulevya kidogo tu, tena chini ya ulevi wa pombe ya kawaida. Kisha ini huanza kazi yake ya kuivunjavunja. Kwanza huigeuza kuwa fomaldehaidi, ile dawa ambayo ikitiwa katika maji hutumika kuhifadhia maiti. Mara moja hiyo nayo hugeuzwa kuwa asidi ya fomiki, asidi ileile ambayo sisimizi wa namna fulani huwa nayo mwilini. Panya ana uwezo mkubwa wa kuiondoa asidi hiyo haraka. Binadamu, na nyani pia, huiondoa polepole mno, basi hujikusanya ndani ya damu. Asidi ya fomiki huzuia viungo vya mwili kuitumia hewa ambayo mapafu yameileta. Mtu hupumua, lakini viungo vyake husongwa kama asiyepumua. Na sehemu inayodhurika kwanza ni mshipa wa fahamu utokao nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo.

Hiyo ndiyo sababu ya picha ya tatu, ile ya kifua chenye nyota. Haisemi kwamba kitu hiki huua tu. Fuvu limekwisha kusema hayo. Husema kwamba kitu hiki huharibu kiungo fulani cha mwili, hata kwa kuingia mwilini mara moja. Kwa methanoli kiungo kinachotajwa ni jicho. Mtu aweza kunusurika mauti na asinusurike giza.

Alama zisizokuwako nazo husomwa. Juu ya pipa la methanoli hapana ile picha ya kimiminiko kinachokula mkono na chuma, kama ilivyo kwa asidi ya betri. Kwa sababu hiyo wafanyakazi wengi huidharau. Haiwashi sana mkononi, hukauka upesi, huacha ngozi baridi. Fundi aweza kunawa nayo mikono ili kutoa rangi, siku baada ya siku, asione jeraha lolote. Lakini hupita katika ngozi na kuingia mwilini, nayo yaingiapo njia hiyo ini halijui tofauti. Mvuke wake vilevile. Nchi nyingi zimeweka mpaka wa sehemu 200 za mvuke katika sehemu milioni moja za hewa kwa mtu afanyaye kazi saa nane, na pua ya watu wengi haitambui harufu yake mpaka kiasi hicho kimekaribia au kimepitwa. Anayengoja pua imwonye amechelewa. Milango na madirisha ya stoo yafunguliwe, na glavu zivaliwe, tena ziwe za mpira mzito zisizopitisha methanoli, wala si zile nyembamba za kutupa.

Njiani kuna alama nyingine. Lori likitoka bandarini Mombasa na methanoli kwenda Kampala, dereva wake huenda asijue lugha ya nchi iliyoitengeneza, na askari wa zimamoto huenda asijue jina la kitu chenyewe. Ndiyo maana kila kitu cha hatari kimepewa nambari isiyobadilika duniani kote. Ya methanoli ni 1230. Pamoja nayo huwekwa kibao chekundu chenye mwali na tarakimu 3, ambalo ni kundi la vimiminiko viwakavyo, na kibao cheupe chenye fuvu na tarakimu 6, ambalo ni kundi la sumu. Katika nchi kadhaa gari hubeba pia bamba la rangi ya machungwa lenye nambari 336 juu na 1230 chini. Tarakimu 3 zikiwa mbili maana yake huwaka upesi sana, na 6 maana yake ni sumu. Mtu aliyekariri hayo aweza kulisoma lori lililopinduka akiwa mbali, bila kulisogelea.

Katika Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka vitu vya hatari viandikwe lebo na kutolewa pamoja na karatasi ya maelezo ya usalama. Karatasi hiyo, kwa utaratibu wa dunia, ina sehemu 16. Ya pili husema hatari, ya nne husema msaada wa kwanza. Karani wa stoo asiifungie kabatini. Mahali pake ni ukutani, karibu na mapipa, kwa lugha ambayo wabebaji wanaisoma.

Sasa yafaa kuulizwa: ikiwa alama zote hizo zilikuwako, watu wa Mukuru walikufaje? Walikufa kwa sababu hawakuuona mpipa wala lebo. Lebo hubandikwa juu ya chombo, haibandikwi juu ya kimiminiko. Methanoli ikishamiminwa kutoka pipani na kutiwa katika mtungi wa plastiki uliokuwa na mafuta ya kupikia, imeziacha nyuma picha zake tatu, nambari yake na neno lake la hatari. Kutoka hapo hakuna anayejua ni nini isipokuwa aliyeimimina, na pengine hata yeye amedanganywa kwamba ni spiriti ya kawaida. Pombe inayochachuka kwa mahindi, mtama au sukari haitoi methanoli ya kuua. Huwa ni chembe ndogo tu. Ile inayoua watu wengi kwa usiku mmoja kwa kawaida imetiwa na mkono wa mtu, atakaye kuipa pombe yake nguvu kwa bei ndogo.

Wako wasemao kwamba wana njia ya kuijaribu. Humimina pombe kidogo katika kijiko na kuiwasha, na moto ukiwa wa buluu husema ni salama. Hilo ni kosa la kufisha. Pombe ya kawaida huwaka buluu, na methanoli huwaka buluu, na zikichanganywa huwaka buluu. Wengine huongeza maji au maji ya ndimu, au huichemsha kidogo, na hayo yote hayaiondoi. Wala haiponyi ugonjwa wowote. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya Korona, mamia ya watu katika Iran walikufa kwa kunywa methanoli, wengi wao wakiamini uvumi kwamba pombe huua virusi tumboni.

Iko hatari nyingine ambayo haina uhusiano na ulevi. Madereva na taniboi wengi wana mazoea ya kuhamisha mafuta kwa mpira, wakianza kwa kuyavuta kwa kinywa. Afanyaye hivyo kwa dizeli hutema na kulaani; afanyaye hivyo kwa methanoli akameza mafunda mawili amekwisha kumeza kiasi kinachoua. Itumike pampu ya mkono, tena pipa na chombo kinachopokea viunganishwe kwa waya wa chuma na ardhi, kwa kuwa cheche ya umeme itokanayo na mwendo wa kimiminiko yatosha kuwasha.

Kinachowaangamiza watu wengi ni utulivu wa mwanzo. Aliyekunywa methanoli hulala, huamka, naye hujiona mzima au mwenye uchovu tu. Ugonjwa wenyewe huja baada ya muda wa saa 12 hadi 24, na ukichanganywa na pombe ya kawaida huchelewa zaidi. Kichwa humuuma, hutapika, tumbo humkata, huhema haraka kama aliyekimbia, na mbele ya macho yake hutanda weupe, kama mtu asimamaye ndani ya ukungu wa alfajiri. Jamaa zake husema ni uchovu wa pombe, wakamwacha alale. Saa hizo ndizo ambazo angeweza kuokolewa.

Hospitalini kuna dawa iitwayo fomepizoli, inayolizuia ini lisiigeuze methanoli. Isipopatikana, madaktari huweza kutumia pombe safi ya kawaida kwa kipimo, kwa sababu ini huishughulikia kwanza pombe hiyo na kuiacha methanoli itoke mwilini polepole ikiwa haijageuka. Hii si ruhusa ya kumnywesha mgonjwa pombe nyumbani. Kipimo chake huangaliwa kwa damu, saa kwa saa, na pombe itakayonunuliwa kwa jirani huenda ikawa ndiyo ileile iliyomdhuru. Mgonjwa hupewa pia dawa ya kupunguza asidi, na aliyezidiwa husafishwa damu kwa mashine.

Aliyemwagikiwa na methanoli avue nguo zake zote zilizolowa na kuoga kwa maji mengi. Iliyoingia jichoni ioshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Aliyeimeza asitapishwe kwa kidole, asingojee dalili, na wote waliokunywa kutoka chombo kimoja naye watafutwe waende pamoja, hata wasemao kwamba hawajisikii vibaya. Ile chupa au mtungi, ikiwa bado iko, ifungwe vizuri na ipelekwe hospitali pamoja nao, kwa kuwa ndicho kitu pekee kitakachomwonyesha daktari kilichokuwa kimeandikwa juu ya pipa.